Picha Sita za Samaki

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo bado naikumbuka kuanzia umande wake wa asubuhi hadi vumbi la kurudi nyumbani, na kama ingewezekana kumpa mtu mwingine kumbukumbu hiyo anibebee, ningempa. Nitakusimulia kama ilivyokuwa. Usinionee huruma, wala usiharakishe kunilaumu. Nisikilize tu mpaka mwisho.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano, bado naishi kwa wazazi wangu katika kijiji cha milimani nje ya Kasulu, upande wa njia inayokwenda Manyovu. Nilikuwa na kamera. Najua kwako hilo si jambo la kujivunia, kwa kuwa wewe unayo mfukoni hata ukienda kuchota maji, lakini siku zile kijiji kizima kilikuwa na kamera moja, na ilikuwa yangu. Ilikuwa ya kuweka mkanda. Mkanda mmoja ulitoa picha thelathini na sita, na ukiisha umeisha, mpaka uende mjini kuusafisha na kutafuta mwingine. Nilipiga picha za kipaimara, za harusi, za watoto waliozaliwa. Watu waliniita Fundi, nami nikaanza kutembea kama mtu anayeitwa Fundi.

Baba yangu, Mzee Yeremia, alikuwa na dada mmoja tu, Skolastika. Shangazi kwa lugha yetu ni masenge, basi sisi watoto tulimwita Masenge, na jina lake la ubatizo tulilisikia kanisani tu. Aliolewa ng'ambo, Burundi, akiwa msichana, wakati ambao kwa watu wetu kuvuka mpaka ilikuwa kama kuvuka shamba la jirani. Akazaa huko, akalima huko. Vita vilipofika kwao, mume wake alibaki njiani, naye akavuka na wanawe watatu akaandikishwa kambini Mtabila pamoja na majirani aliokimbia nao. Kwa makaratasi akawa mkimbizi katika nchi aliyozaliwa. Kutoka Mtabila hadi kwetu si mbali, lakini mtu wa kambini hakutoka bila kibali, na baba alikwenda kumwona mara chache, wakazungumza wamesimama kati ya watu wanaouza chumvi na sabuni.

Jambo lililomuuma Masenge kuliko yote ni kwamba bibi yetu, mama yake, alifariki yeye akiwa ng'ambo. Hakumzika. Kaburi lake alikuwa hajaliona. Bibi alizikwa juu mlimani, kwenye itongo letu, yaani mahame ya ukoo, mahali walipokaa wazee kabla watu hawajahamia kijijini. Kila mwaka mvua zikikata, tulipanda huko familia nzima kung'oa majani na kupanga upya mawe ya kaburi.

Mwaka huo ikatangazwa kambini kwamba waliojiandikisha kurudi kwao wajiandae. Malori yangewachukua baada ya mwezi mmoja. Masenge alikuwa amejiandikisha, kwa sababu wanawe walikuwa wamekua na walitaka mashamba ya baba yao. Baba akahangaika na kibali mpaka akapata cha siku moja, asubuhi mpaka jioni. Akaniita uani.

"Umebakiwa na picha ngapi kwenye hicho kitu chako?"

"Sita, baba."

"Usizipige popote. Nataka kusimama na dada yangu kwenye kaburi la mama yetu. Moja aende nayo, moja nibaki nayo. Unanisikia?"

"Nimesikia, baba."

Na kweli nilisikia.

Sasa nikueleze kitu kingine kilichokuwa kichwani mwangu. Kulikuwa na mgeni mmoja wa Ulaya aliyekuwa akifanya kazi kambini, mtu mpole, mpenzi wa kutembea milimani. Aliwahi kunionyesha kitabu kikubwa cha picha za samaki wa mito ya baridi ya nchi za mbali. Samaki wale walikuwa na madoa mekundu ubavuni, na maji yalikuwa meupe kiasi kwamba ungedhani wanaelea hewani. Chini ya kila picha liliandikwa jina la aliyeipiga. Nikamwambia hata sisi tuna kijito huko juu chenye maji kama hayo na samaki wazuri kama hao. Akasema, "Nipigie. Pengine hakuna aliyewahi kuwapiga picha hao." Basi. Maneno yake hayo machache yalinikaa moyoni kuliko agizo la baba. Nililala nikiliona jina langu limechapwa chini ya samaki.

Asubuhi ya safari tulikuwa watano: baba na mama, Masenge, mdogo wangu Yusta aliyekuwa ameolewa mwaka uliotangulia na ana mtoto mgongoni, na mimi na kamera yangu shingoni. Mama alibeba viazi vya kuchemsha na maharage kwenye ndoo. Masenge alivaa nguo zake za kila siku, ila mkononi alishika mfuko wa plastiki ambao hakutaka mtu ambebee. Alitembea mbele kuliko wote. Njia alikuwa hajaikanyaga kwa miaka, lakini miguu yake iliijua. Alituonyesha jiwe alilokuwa akinolea panga la baba yake, na mahali ng'ombe wao alipoangukia. Baba, mtu asiyecheka ovyo, siku hiyo alicheka mpaka akasimama kushika mbavu.

Katikati ya mlima tukafika kwenye kijito. Mwanangu, sitaki kukudanganya kwa kukisema vibaya kwa sababu ya yaliyofuata. Kilikuwa kizuri. Maji yalitoka msituni yakapita juu ya mawe meusi, kisha yakatulia kwenye kidimbwi kimoja kirefu kama kitanda, na chini ungeweza kuhesabu changarawe. Samaki walikuwa pale, saba au wanane, vichwa vyao vimeelekea maji yanakotoka, mikia ikitikisika kidogo tu. Migongo ya kijani, mbavu zenye rangi ya shaba, na mapezi yaliyokuwa mekundu jua likiyagusa.

Masenge aliinama akanywa kwa viganja. "Ni yale yale," akasema. Kisha akamwambia baba twende, siku isituishie hapa.

"Tangulieni," nikasema. "Nawafuata."

Baba aliitazama kamera, akanitazama mimi. Kisha akageuka, akashika njia. Nadhani aliona aibu kurudia agizo mbele ya dada yake, kwa mtu mzima kama mimi.

Nikalala kifudifudi kwenye jiwe. Nilijiambia nitapiga moja. Nilipoibonyeza, samaki niliyemtaka aligeuka, nami nikajua haikutoka vizuri. Nikapiga ya pili, wingu likapita. Nikahesabu: zimebaki nne, na baba anahitaji mbili. Nikapiga ya tatu. Ya nne niliipiga nikisema moja itatosha, nitaisafisha mara mbili. Ya tano nikaipiga bila kujiambia chochote. Kisha akaja samaki mkubwa kuliko wote, akasimama mbele yangu kwenye mwanga, kimya, kana kwamba ametumwa. Nilimpiga huyo, na mkono ukahisi mkanda umefika mwisho.

Nikauzungusha ukarudi kwenye kikopo chake, nikautoa nikautia mfukoni. Nilipoinua kichwa, Yusta alikuwa amekaa upande wa pili wa maji, anamnyonyesha mtoto. Alikuwa ameona yote.

"Kaka, si ulisema zimebaki sita?"

"Zimekwisha."

"Sasa baba utamwambia nini?"

"Nyamaza wewe. Hayo niachie mimi."

Tukapanda. Njiani nilitunga namna ya kusema. Ningesema mkanda umekwama. Ningesema nilihesabu vibaya. Nilikuwa bado sijachagua tulipofika kwenye itongo, ambako migomba ya bibi imegeuka pori, na nikamkuta Masenge amepiga magoti kwenye kaburi, viganja vyake viko juu ya mawe. Alikuwa anazungumza na mama yake kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyechelewa kurudi kutoka sokoni anaeleza kilichomchelewesha. Alimtajia majina ya watoto wake. Alimweleza mume wake alipobaki. Mama yangu aligeuka akatazama upande mwingine.

Tuling'oa majani, tukapanga mawe, baba akasali. Kisha Masenge akafungua ule mfuko wake wa plastiki. Ndani kulikuwa na kitenge kipya cha rangi ya machungwa na kitambaa chake cha kichwa, vimekunjwa vizuri, alivyokuwa amevitunza kwa siku hiyo. Akajifunga pale pale juu ya gauni lake. Baba akafunga vifungo vyote vya koti, hata cha shingoni. Wakasimama nyuma ya kaburi, bega kwa bega.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilikuwa na nafasi, mwanangu, nafasi ya wazi kabisa. Lakini niliwaona walivyosimama, nikaona aibu itakayonipata, nikainua kamera.

"Nicheke au nisicheke?" Masenge akauliza.

"Cheka," baba akamwambia. "Mama alipenda ukicheka."

Akacheka. Nikabonyeza. Kamera tupu inalia sawasawa na kamera yenye mkanda. Nikawaambia wasogee kidogo, nikabonyeza tena. Nikamwambia baba ainue kidevu, nikabonyeza mara ya tatu. Masenge akaja akanishika mashavu kwa mikono yake miwili yenye udongo wa kaburi. "Urakoze, mwana wanje," akaniambia. Asante, mwanangu. Yusta alikuwa ameinama anamfunga mtoto mgongoni, akakaa ameinama vile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Tukashuka. Tulipita tena pale kwenye kijito, na sikutazama.

Wiki ile Masenge alituma mtu kuuliza picha zitatoka lini. Nikajibu bado hazijasafishwa. Yusta alikuja nyumbani makusudi, akanivuta kando. "Kaka, bado yupo. Kibali kingine kinaweza kupatikana, au mpiga picha anaweza kwenda kule kule kambini. Mwambie baba." Nikamwambia ashughulike na ndoa yake. Aliondoka analia, na tangu siku hiyo mdogo wangu hakuniambia tena jambo la moyoni mwake.

Malori yalipokuja tulikwenda kumuaga. Masenge alikuwa juu ya mizigo yake, ameshika sufuria na jembe. Aliniita. "Picha yangu usiisahau. Wape wanawake wanaofanya biashara Manyovu, wataniletea." Nikaahidi. Lori likaondoka.

Mkanda niliusafisha mjini Kasulu. Picha tano za samaki zilikuwa mng'aro mtupu wa jua juu ya maji, huoni kitu. Ya sita ilitoka. Ilitoka vizuri kuliko picha yoyote niliyowahi kupiga, samaki yule amesimama kama hewani, hata magamba unayaona. Nikaikimbiza kwa yule mgeni. Nikaambiwa amekwisha kuhamishwa, na hakuna aliyejua amekwenda nchi gani.

Baba alisubiri miezi. Alikuwa haulizi mara kwa mara. Aliuliza kila alipotoka kanisani siku ya Jumapili, kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa. Mwishowe nikamwambia picha zimeungua, mwanga uliingia kwenye kamera. Akasema, "Basi mwandikie shangazi yako umweleze. Asiendelee kungoja." Nikasema nitamwandikia. Sikuandika. Kila nilipochukua kalamu niliona ile mikono yenye udongo, nikaiweka kalamu chini.

Miaka ikapita. Nikahamia Kibondo, nikafungua chumba cha kupigia picha karibu na soko, nikaoa, nikapata watoto. Kutoka ng'ambo salamu zilikuja kupitia wafanyabiashara, na kila mara mwisho wa salamu lilikuwepo neno la picha. Halafu ikaja habari kwamba Masenge ameugua. Baada yake, haraka, ikaja habari ya msiba. Baba, mzee tayari, alivuka Manyovu kwenda kumzika dada yake. Mimi nilisema nina kazi.

Aliporudi hakupitia nyumbani. Alipanda gari moja kwa moja mpaka Kibondo, akaingia chumbani kwangu mchana, vumbi la barabara likiwa bado kwenye nyusi zake. Alikataa maji, akakataa kiti. Akaweka juu ya meza yangu kitu kilichofungwa kwenye kitenge cha rangi ya machungwa, kilichopauka. Akakifungua mwenyewe. Ilikuwa fremu ya mbao, imechongwa na fundi wa kijijini, ina kioo, na nyuma ya kioo hakuna kitu.

"Ilikuwa ukutani kwake," akasema. "Wanawe wameniambia aliichongesha mwaka ule ule aliorudi. Wageni wakimuuliza mbona tupu, anawajibu, picha yangu na kaka iko njiani, mtoto wetu wa Kasulu ndiye anaileta." Akapumua. "Ulimwandikia?"

"Hapana, baba."

"Picha ziliungua kweli?"

Nilikuwa na umri wa kutosha kuwa na watoto wanaosoma, lakini nilisimama pale kama mtoto aliyekamatwa anaiba. Nikamweleza yote. Nikafungua droo nikamtolea ile picha ya samaki. Aliishika muda mrefu, akaisogeza dirishani aione vizuri.

"Ni mzuri," akasema, na alimaanisha. "Sikukasirikii kwa ajili ya samaki. Ungeniambia pale pale kaburini, ningekutukana, dada yangu angekucheka, na kesho yake ningetafuta mpiga picha hata kwa kumbeba mgongoni. Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Wiki tatu nzima ulikuwa nazo, ukatuacha tumesimama pale tunachekea kitu kitupu."

Niliomba radhi. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya saruji. Baba aliniinua, akasema, "Nimesikia," maneno yale yale niliyomjibu mimi siku ile uani. Akaifunga fremu kwenye kitenge chake, akaondoka nayo. Sikumbuki kama aliwahi kusema amenisamehe. Alikuja kwenye ubatizo wa wajukuu, alikula kwangu, alinipa mkono. Lakini kila nilipoinua kamera, baba alisimama akatoka nje. Watu walidhani ni ushamba wa wazee. Mimi na Yusta tulijua.

Alipofariki, tulitafuta picha ya kuweka juu ya jeneza. Haikuwepo. Mimi, ambaye nimepiga picha za nusu ya watu wa Kibondo, nilikuza picha ya kadi yake ya kupigia kura, ile ndogo, yenye ukungu, ambayo anaonekana kama mtu aliyeshtuliwa. Niliwasikia waombolezaji wakinong'ona, mbona mwanawe ni mpiga picha. Yusta alikuwa karibu nami akawasikia pia. Hakusema neno la kunitetea, na sikustahili anitetee.

Ninayoyataka kutoka kwako ni haya, mwanangu. Sikukatazi kupenda kizuri ukikiona. Simama kwenye kijito, wapige samaki picha, nami nitafurahi ukinionyesha. Lakini mtu akikukabidhi haja yake, hasa mtu asiyeweza kuipata kwa mwingine, iweke mbele ya haja yako. Na ukishindwa, maana utashindwa, wewe ni mtu, basi sema umeshindwa saa ile ile. Sema ukiwa bado umesimama mbele yake, uso ukiwa unaungua kwa aibu. Aibu hiyo inapita kabla chakula cha jioni hakijaiva. Kosa likisemwa mapema, huwa na watu wa kulitengeneza. Mimi nilikuwa na wiki tatu, baadaye nikawa na miaka, na vyote nilivitumia kulinda uso wangu usione haya. Usimwambie mtu anyamaze kwa ajili yako, kwa maana ukimnyamazisha katika jambo moja atakunyamazia katika yote. Na usijidanganye kwamba utaomba radhi siku ukiwa tayari. Anayestahili kuombwa anaweza kuwa amekwisha kuondoka, nawe ukabaki unaomba kwa watu ambao jambo lenyewe haliwahusu, kama ninavyofanya sasa kwako.

Mungu akujalie ulimi usioogopa kukiri. Akupe wazee wanaokugombeza wakiwa hai, na masikio ya kuwasikia, na miguu ya kuwarudia jua halijazama. Njia yako iwe nyeupe, nyumba yako isikose watu, na pasiwepo mtu yeyote, ng'ambo wala huku, anayekungojea kwa ahadi usiyoikusudia. Nenda, mwanangu. Na kama leo kuna neno umemficha mama yako, anza na hilo.